Achana na Roma: Shinyanga Kuna Mji wa Kale wa Kizungu, na Geti Lake Bado Linafungwa

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni, aliyeposti picha kumi na mbili kwa mpigo akiwa kwenye mji fulani wa kale huko Ulaya. Kofia pana, miwani, kikombe cha kahawa, na nyuma yake ukuta wa mawe wenye umri wa kuzidi ukoo mzima. Chini ameandika kwamba historia inamkosha. Watu wakamwaga makopakopa, wengine wakamuuliza kama ameshawahi kufika hata Bagamoyo. Maoni yalikuwa matamu kuliko picha zenyewe.

Mimi sina ugomvi naye. Hela yake, likizo yake. Lakini ule ukuta ulinikaa kichwani, maana ukutani ndipo historia yenyewe ilipo. Miji ya kale ya Ulaya haikujengewa kuta ili watu wa Insta wapate mandhari. Ukuta ulikuwa na kazi. Mchana mtu wa shamba anapita getini na mzigo wake, anapekuliwa, analipa ushuru. Jua likizama geti linafungwa, na ukichelewa unalala nje na mbwa. Waliokuwa ndani walikuwa na haki zao, waliokuwa nje walikuwa na za kwao, na hazikulingana. Leo ukienda Dubrovnik kule Croatia unakata tiketi unatembea juu ya ukuta huohuo huku unalamba aiskrimu. Ukuta umestaafu, umekuwa kivutio.

Sasa, je, unajua kwamba Kanda ya Ziwa tunao mji wa Kizungu wenye uzio, geti, walinzi, na stori ya kumfikia hadi Malkia wa Uingereza? Na kwamba ukuta wake bado haujastaafu?

Unaitwa Mwadui. Upo wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Ukitokea Mwanza unapanda gari Nyegezi, unapita Usagara, Misungwi, Mabuki, Hungumalwa, unaacha njia panda ya kwenda Maswa, halafu unafika Maganzo. Pale Maganzo unaiacha lami kuu, unaingia ndani kilomita chache, mbele yako kuna geti. Safari nzima haizidi saa tatu hata dereva akiwa mpole. Kwa hiyo unaenda asubuhi, unarudi jioni, hulali hoteli.

Sisi tulienda watano kwa Noah ya kuchangiana mafuta. Majina nayaacha, maana mmoja wetu alimuaga bosi wake kwamba anaumwa. Tuliruhusiwa kuingia kwa sababu mwenzetu mmoja ana mjomba anayefanya kazi ndani, naye aliomba kibali mapema. Hilo uliweke akilini kabla hujaanza kukusanya washkaji: Mwadui siyo kama Coco Beach. Ni eneo la mgodi. Hujitokezi tu.

Mgodi wa nini? Almasi. Na hapa ndipo stori inapoanza.

Mwaka 1940 kulikuwa na Mkanada mmoja anaitwa John Thoburn Williamson, miaka 33, hana mke, ana shahada ya udaktari ya jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill. Kabla ya hapo alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, palepale unapopita ukienda Shinyanga. Kampuni ikashindwa, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Alishika imani moja tu: kwamba mawe yaliyokuwa yakiokotwa hapa na pale Usukuma lazima yametoka kwenye bomba moja kubwa la mwamba wa kimberliti, na kwamba bomba hilo lipo karibu. Miaka inapita, hela inaisha, malaria inampiga. Kama angekuwa mshkaji wako ungeshamwambia aachane na hiyo mishe arudi nyumbani.

Aliyemshika mkono ni wakili wa Kihindi wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra. Huyu ndiye aliyemtolea hela wakati wengine wanamwona kichaa, na baadaye akapata hisa zake kwenye mgodi. Watu wengi wanaosimulia habari za Mwadui wanamruka Chopra. Mimi naona hata kwa viwango vya leo jamaa alicheza dau kubwa kuliko Williamson mwenyewe, maana Williamson hakuwa na cha kupoteza.

Kuhusu siku ya ugunduzi, kila mtu ana toleo lake. Wapo wanaosema gari lilikwama kwenye tope, wakati wa kulikwamua ndipo jiwe likaonekana. Wapo wanaosema ni chini ya mbuyu. Ukifika Maganzo ukakaa kijiweni utasikia toleo la tatu na la nne, na kwenye hayo Mzungu hakugundua chochote, alionyeshwa na wenyeji. Toleo lolote utakalochagua, kilichokuwa chini hakina utata. Bomba la Mwadui lina ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi. Hiyo ni kama viwanja 200 vya mpira vikipangwa pamoja. Ni kati ya mabomba makubwa zaidi ya kimberliti yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani, na mgodi wenyewe umepewa jina lake: Williamson Diamonds.

Mgodi ukazaa mji. Na ndiyo maana nauita mji wa kale wa Kizungu bila kuona aibu. Williamson hakujenga kambi ya mabati. Alipanga barabara, akapanda miti, akajenga nyumba, hospitali, shule, klabu, na kiwanja cha ndege. Kampuni ilikuwa na ndege zake. Umeme na maji vilikuwepo ndani wakati vijiji vya jirani vinachota maji lambo moja na ng'ombe. Hebu fikiria: katikati ya Usukuma, kwenye mbuga ya migunga na mashamba ya pamba, kunachomoza kitongoji kama kimetolewa Kanada kikashushwa kwa kamba.

Ukitembea ndani leo bado unaiona ile ramani ya zamani. Barabara zimenyooka, miti ni mikubwa, kivuli kizito, nyumba zimekaa mbalimbali na kila moja na uwanja wake. Dada mmoja tuliyekuwa naye, anayefanya kazi benki, alikaa kimya kwa muda halafu akasema, "Hapa wenzetu walikuwa wanakula bata wakati babu zetu wanapigwa kodi ya kichwa." Hakuwa anatania. Babu yake mzaa mama alifanya kazi humu.

Stori ya huyo babu aliisimulia tukiwa tumekaa chini ya mti, na nimeomba ruhusa niiandike. Mzee aliajiriwa kijana kabisa. Alikuwa anaishi upande wa makazi ya vibarua, siyo kwenye zile nyumba za bustani. Alikuwa na kitambulisho cha kupitia getini na alikuwa anapekuliwa akitoka. Alistaafu, akarudi kijijini, akafuga. Lakini mpaka anafariki alikuwa na sheria moja nyumbani kwake ambayo wajukuu hawakuielewa: mtoto haruhusiwi kuinama njiani kuokota jiwe. Siyo la kuchezea kombolela, siyo la kumrushia mbuzi. Ukiinama unachapwa.

Wajukuu walidhani ni uzee. Ila ukijua mazingira, mzee alikuwa na akili zake timamu. Tangu enzi za mkoloni, kukutwa na almasi ghafi bila kibali ni kesi. Na jiwe ghafi halina alama ya kukuambia "mimi ni almasi." Linafanana na kipande cha chupa au chumvi ya mawe. Kwa mtu aliyekulia ndani ya uzio ule, kuinama tu ni tendo la kushukiwa. Mlinzi anayekuona kwa mbali haoni umeokota nini, anaona umeinama.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe.

Oktoba 1947, Mwadui ikatoa almasi ya waridi yenye karati 54.5. Almasi nyingi ni nyeupe au zina unjano wa kufifia. Ya waridi safi yenye ukubwa huo ni kitu cha kuonekana mara moja katika maisha. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Novemba 1947, bintimfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa anafunga ndoa na Philip. Williamson akampa jiwe kama zawadi ya harusi. Kumbuka Tanganyika wakati huo ilikuwa inatawaliwa na Uingereza. Yaani zawadi ilitoka udongo wa koloni ikaenda kwa familia inayotawala koloni, ikapitia mkono wa Mkanada.

London jiwe likakatwa mwaka 1948 likabaki karati 23.6. Elizabeth mwenyewe alienda na bibi yake, Malkia Mary, kuangalia kazi ya ukataji ikiendelea. Mwaka 1953, mwaka wa kuvishwa taji, kampuni ya Cartier ikalitengenezea bruchi: ua lenye petali na shina la almasi nyeupe, katikati limekaa lile la waridi kama kiini. Aliyelichora anaitwa Frederick Mew. Malkia alilipenda sana. Harusi ya Charles na Diana mwaka 1981, ile ambayo mama zetu walishona mikono ya mapuchupuchu kwa kuiga, Malkia alikuwa amelibandika kifuani. Mwaka 2012, alipotimiza miaka 60 kwenye kiti, lilikuwa kati ya vito vilivyoonyeshwa kwa umma Buckingham Palace. Watu walikata tiketi kuliangalia.

Angalia majina yaliyotajwa hapo. Aliyetoa: Williamson. Waliotengeneza: Cartier. Aliyechora: Mew. Aliyevaa: Elizabeth. Hata bruchi lenyewe linaitwa Williamson. Blogu hii inaishi kwa kuficha majina ya watu, mnajua. Kila wiki tunawaandikia "staa mmoja," "mfanyabiashara fulani," "mchumba wa nani hii," na nyinyi mnakesha kubashiri. Lakini kuna watu wamefichwa bila mtu yeyote kubashiri. Yule aliyekuwa na koleo, yule aliyekuwa kwenye mashine ya kuosha udongo, yule ambaye jicho lake ndilo la kwanza duniani kuona ule uwaridi ukitokea kwenye tope. Huyo hana kadi ya maelezo pale Buckingham.

Mwaka 1956 Princess Margaret, mdogo wake Malkia, alipofanya ziara Afrika Mashariki, alifika Mwadui kwa miguu yake. Huo ndio ulikuwa ubora wa mji huu kipindi hicho. Watu wa kifalme walikuwa wanautembelea kama sisi tunavyoenda kutembelea Roma. Na Williamson alishakuwa jeuri wa kimataifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aligoma kwa muda kuuza almasi zake kupitia mfumo wa De Beers, ile kampuni iliyokuwa imeishika soko la almasi la dunia nzima kooni, akawa anarundika mawe tu hadi wakaelewana bei. Miaka hiyohiyo, bungeni Dar es Salaam, Chopra alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia humo mwaka 1945 alikuwa mtemi wa huku huku Shinyanga, Kidaha Makwaia. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Shinyanga ilikuwa kijiji cha mbali. Ilikuwa katikati ya mchezo. Sema waliokuwa wanacheza walikuwa wachache.

Williamson alifariki Januari 1958, hukohuko Mwadui, akiwa na miaka 50. Saratani. Hakuacha mke wala mtoto. Ndugu wakauza, na mwaka huohuo mgodi ukawa mali ya De Beers na serikali ya Tanganyika nusu kwa nusu. Halafu likaja Azimio la Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikachukua wote. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu: mitambo ikazeeka, vipuri vikawa shida. Mwaka 1994 De Beers wakarudi na asilimia 75. Mwaka 2009 wakawauzia Petra Diamonds, kampuni ya Uingereza. Hapa nakimbia makusudi, maana orodha ya wenye hisa haina utamu wowote. Kilicho muhimu ni kwamba wamiliki walibadilika karibu kila kizazi, na uzio ukabaki ulipo.

Kama unashangaa kwa nini jina Mwadui unalijua ingawa hujawahi kusikia lolote kati ya haya, jibu ni mpira. Mwadui FC ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2015/16 na kuteremka 2020/21. Oktoba 2019 iliichapa Simba 1-0 pale Kambarage, Shinyanga mjini, ikawa timu ya kwanza kuifunga Simba msimu ule. Mashabiki wa Yanga mpaka leo wanaikumbuka Mwadui katika sala. Uwanja wa timu upo ndani ya mji wa mgodi, na tulipiga picha pale kama watano tuliosajiliwa. Nyasi zilikuwa na hali yake, siongezi neno.

Mchana tulitoka kwenda kula Maganzo, na huko ndiko mji unapogeuka. Ndani ya uzio kulikuwa na kivuli na ukimya. Maganzo ni vumbi, muziki, bodaboda, mabango ya mawakala wa pesa kila hatua, na wanaume wanaokaa vibarazani wakionekana hawana kazi wakati wapo kazini kabisa: wananunua mawe. Mama aliyetuuzia wali na samaki tulimsalimia "mwangaluka" wakati ni saa nane mchana, akacheka sana, akatuambia hiyo ni ya asubuhi, saa hizi ni "mwadila." Tulipomuuliza biashara inakwendaje, alisema inategemea wabeshi.

Wabeshi ni akina nani? Ni vijana wanaoingia eneo la mgodi usiku, bila kibali, kuchekecha mchanga na mabaki yaliyokwishapita mitamboni wakitafuta almasi zilizoponyoka. Kila mgodi mkubwa wa kanda hii una watu wake wa pembeni. Kule Geita, ambako mgodi wa dhahabu wa mkoloni ulifungwa mwaka 1966 na huu mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, utasikia watu wakipigania magwangala, yaani mawe yanayotupwa na mgodi, ili wayapeleke kwenye karasha. Lakini Geita mtu asiye na leseni ya mgodi mkubwa bado anaweza kuwa na duara lake sehemu nyingine, ana mwalo wake, anaishi. Dhahabu imesambaa. Almasi ya Mwadui imekaa sehemu moja, na sehemu hiyo imezungushiwa uzio. Ukitaka jiwe lazima uvuke.

Na kuvuka kuna gharama. Mei 2021, baada ya kesi kufunguliwa Uingereza, Petra Diamonds ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3 na wadai 71. Madai yalikuwa mazito: vipigo, kupigwa risasi, kushikiliwa, na vifo vya watu mikononi mwa ulinzi wa mgodi. Kampuni ilikiri kwamba matukio yalitokea yaliyosababisha vifo na majeraha kwa wachimbaji haramu, na ikasema itaweka utaratibu wa malalamiko na kubadilisha ulinzi. Wale 71 hawakutajwa majina. Safari hii kufichwa jina kulikuwa kwa ajili ya usalama wao wenyewe.

Yule dada wa benki alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Nilimwonyesha kwenye simu palepale tukiwa mezani. Akasoma, akaweka simu chini, akasema, "Sasa naelewa kwa nini babu alikuwa anatuchapa."

Mtu atasema: wabeshi ni wezi, wangekaa nyumbani. Nimesikia hoja hiyo na siidharau, mali ya mgodi ni mali ya mgodi na serikali yetu ina hisa humo. Lakini wizi wa almasi haukuwahi kuwa wa watu wa mchanga peke yao. Septemba 2017 serikali yenyewe ilizuia shehena ya almasi za Mwadui pale uwanja wa ndege Dar es Salaam, ikidai thamani iliyoandikwa ni ndogo kuliko ya kweli, kampuni ikakanusha. Niambie kama kuna aliyekimbizwa na mbwa kwenye ule mgogoro. Watu waliitana mezani na mawakili.

Halafu uje uangalie mwaka 2022, kwa sababu ule mwaka ulivyojipanga ungedhani kuna mtu aliuandika.

Tarehe 8 Septemba, Malkia Elizabeth akafariki. Dunia nzima ikaanza kuzungumzia vito vyake, na bruchi la Williamson likazunguka tena kwenye kurasa za mitindo kama moja ya vipande vyake vya thamani zaidi.

Mwezi mmoja baadaye, Oktoba, Hong Kong, mnada wa Sotheby's. Ikauzwa almasi ya waridi ya karati 11.15 iitwayo Williamson Pink Star. Ilikatwa kutoka kwenye jiwe la karati 32.32 lililotoka Mwadui, ambalo Petra ilikuwa imeliuza mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8. Pale Hong Kong ikaenda kwa dola milioni 57.7. Kwa hesabu ya bei kwa kila karati, ilikuwa rekodi ya dunia kwa almasi kwenye mnada.

Mwezi mmoja mwingine, tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui likapasuka. Tope la kijivu likamwagika hadi kwenye vijiji vya jirani, Ng'wanholo na Nyenze, likafunika mashamba, visima na nyumba. Hakuna aliyefariki. Lakini kwa mkulima wa Usukuma, Novemba ndiyo kwanza mvua zinaanza, ndiyo unaandaa shamba. Shamba lake limelala chini ya mabaki ya udongo uleule ambao, ukishaoshwa na kuchambuliwa, unatoa jiwe la milioni 57.7.

Miezi mitatu: kaburi Windsor, nyundo Hong Kong, tope Kishapu. Kwenye simu za watu wengi mjini, mawili ya kwanza yalifika. La tatu lilipita kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tukageuza chaneli.

Uzalishaji ulianza tena Julai 2023. Na Januari 2025 Petra ikatangaza kwamba inauza hisa zake zote za Mwadui kwa kampuni inayoitwa, usicheke, Pink Diamonds Investments. Bei: hadi dola milioni 16. Hisa zote za Petra kwenye mgodi, yaani uzio, mitambo, shimo na zile barabara za miti, hazikufika theluthi ya bei ya jiwe moja lililotoka humo.

Tulipokuwa tunaondoka jioni nilimwomba dereva asimame kidogo ng'ambo ya geti nipige picha ya mwisho. Mlinzi alikuja taratibu, kijana wa umri wetu tu, akasalimia vizuri, akatuomba tusipige upande ule. Tukaweka simu mfukoni. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa anafanya kazi ambayo mtu mwingine aliifanya pale mwaka 1950 na mwingine ataifanya mwaka 2040. Nyuma yetu kulikuwa na akina mama wawili waliobeba kuni kichwani, wanaufuata uzio kwa nje, wanapiga stori zao kwa Kisukuma bila kuutazama.

Kwa anayetaka kwenda: tafuta kibali mapema, beba kitambulisho, maji na kofia, na ukae na nusu siku ya Maganzo, usiishie ndani tu. Noah ya kukodi ni rahisi kuliko basi kama mpo kuanzia watano. Mkiwa na muda, malizieni Shinyanga mjini, mule nyama karibu na Kambarage, maana kule nyama ya ng'ombe siyo mchezo.

Na nina ombi. Najua wasomaji wengi hapa mna asili ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita hata kama mnajifanya watoto wa Mikocheni. Kama una babu, bibi au mjomba aliyefanya kazi Mwadui enzi za Williamson au baada yake, mpigie simu wiki hii. Mpe shikamoo kwanza, halafu muulize alikuwa anafanya kazi gani, alilala upande gani wa uzio, na kama aliwahi kuliona jiwe la waridi kwa macho yake. Andika jibu hapo chini kwenye maoni. Na akikuruhusu, andika na jina lake.